Sura ya 4: Kwa Nini Bomba la Kijiji Hukauka Ilhali Maji Yapo?

Katika vijiji vingi vya Tanzania kuna swali ambalo wananchi hawachoki kuwauliza viongozi wao: mradi wa maji ulizinduliwa, utepe ukakatwa, watu wakashangilia, mbona leo bomba halitoi hata tone? Wanaouliza wana haki ya kujibiwa, kwa kuwa ndio wanaorudi na ndoo tupu. Majibu wanayoyapata kwa kawaida ni mawili. La kwanza ni kwamba mvua zimepungua. La pili ni kwamba serikali haijaleta fedha za mradi mwingine. Yote mawili yana ukweli kiasi, lakini hayafiki kwenye kiini. Sura hii inatumia Mkoa wa Katavi kutetea hoja moja: tatizo kubwa la maji vijijini limehama kutoka kwenye kuchimba hadi kwenye kutunza. Mradi hufa pale ambapo fundi, fedha ya vipuri na daftari la mapato havina mwenyewe, na mradi uliokufa kwa sababu hiyo haufufuliwi na kisima kipya.

Mkoa wenye maji, vijiji vyenye kiu

Katavi ni mahali pazuri pa kulipima jibu la "mvua zimepungua". Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa, na makao makuu yake ni Mpanda. Upande wa magharibi unapakana na Ziwa Tanganyika, ambalo peke yake lina takriban asilimia 17 ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi duniani, ukiacha barafu. Kusini kuna Bonde la Ziwa Rukwa. Katikati unapita Mto Katuma, unaolisha mbuga za Hifadhi ya Taifa ya Katavi kabla ya kuelekea Rukwa. Mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na katika mwaka wa kawaida hufikia kiasi cha milimita 900 au zaidi, kiwango ambacho mikoa ya katikati ya nchi, kama Dodoma na Singida, haijawahi kukizoea. Huwezi kusema kwa haki kwamba Katavi ni nchi ya jangwa.

Hata hivyo, maji kuwepo katika mkoa ni jambo moja, na maji kufika kwenye ndoo ni jingine. Sehemu kubwa ya Katavi imekaa juu ya miamba migumu ya kale, ambako maji ya chini ya ardhi hujificha kwenye nyufa. Mtambo wa kuchimba ukikosa ufa kwa hatua chache, kisima hutoka kikavu, na ndiyo maana upimaji wa kitaalamu kabla ya kuchimba si jambo la kurukwa ili kubana matumizi. Maeneo yaliyo kwenye bonde la ufa, kama pale Majimoto kwenye chemchemi za maji ya moto, yanadai uangalifu wa aina nyingine, kwa sababu maji ya chini ya ardhi ya maeneo ya namna hiyo yanaweza kubeba chumvi au floridi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi. Na mvua inayonyesha kwa miezi sita huacha miezi sita mingine ambayo visima vya kienyeji vya mtoni hugeuka tope.

Kisha kuna watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 564,604 wa Katavi. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Kwa miaka kumi tu idadi imezidi mara mbili, kwa sababu ya uzazi na kwa sababu wakulima na wafugaji wamehamia wakitafuta ardhi na malisho. Makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, nayo hayawezi tena kupangiwa huduma kama makazi ya muda: kuanzia mwaka 2014 Tanzania ilitoa uraia kwa zaidi ya watu 162,000 wa kundi hilo, waliokuwa wakiishi huko na katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora. Kituo cha maji kilichosanifiwa kwa watu 250 kinapohudumia 500, foleni huongezeka maradufu, pampu hufanya kazi kwa saa nyingi zaidi, na vipuri huchakaa mapema. Kuongezeka kwa watu peke yake hakuui mradi. Mradi huuawa na watu kuongezeka huku mpango wa matengenezo ukibaki uleule, au usiwepo kabisa.

*Kwa ufupi:* Katavi ina maji, lakini yametawanyika, hupungua kiangazi, na yanahitajiwa na watu wengi zaidi kila mwaka. Hali hiyo inadai usimamizi wa karibu kuliko mahali ambapo watu ni wachache na chemchemi hazikauki.

Tulikotoka: maji ya bure yasiyo na mlinzi

Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini. Lengo lake lilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lilikuwa lengo la utu, na halipaswi kubezwa. Maji yalitolewa bure kijijini, serikali ikibeba gharama za kujenga na za kuendesha. Mwaka 1991 ulifika, lengo halikufikiwa, na mashine nyingi zilizofungwa zilikuwa zimesimama kwa kukosa dizeli, vipuri na mafundi. Serikali ambayo uchumi wake uliyumba katika miaka ya 1980 haikuweza kupeleka lita za dizeli na mikanda ya mashine katika maelfu ya vijiji kila mwezi.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilibadili mwelekeo: wananchi wangeshiriki kupanga, kumiliki, na kulipia uendeshaji na matengenezo. Kimaandishi ulikuwa uamuzi sahihi. Kiutendaji, vijiji vingi vilipewa umiliki bila ujuzi wala uangalizi. Kamati ya maji ilichaguliwa siku ya uzinduzi, ikapewa spana na nasaha, ikaachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Wizara ya Maji ilipoorodhesha vituo vya kuchotea maji vijijini nchi nzima, ilibainika kuwa karibu vinne kati ya kila kumi havikuwa vikitoa maji, na baadhi vilikuwa vipya, havijamaliza hata miaka miwili. Takwimu hiyo ndiyo ushahidi mzito kuliko wote katika sura hii. Kituo kisichomaliza miaka miwili hakijafa kwa uzee. Kimekufa kwa sababu kilipoharibika kwa mara ya kwanza hapakuwa na fedha ya kukitengeneza, au fedha ilikuwepo na hakuna aliyejua aliyeishika.

Hesabu ya kituo kimoja

Watu wengi husikia maneno "gharama za uendeshaji" wakadhani ni mambo ya ofisini. Tuyashushe hadi kwenye kilula, yaani kituo cha bomba ambako watu wa mtaa huchota. Kipimo cha taifa kinasema kilula kimoja kihudumie watu wasiozidi 250, ndani ya mita 400, na kila mtu apate angalau lita 25 kwa siku. Zidisha: ni lita 6,250 kila siku, zaidi ya ndoo 310 za lita 20. Tuchukue mfano kwamba ndoo moja inalipiwa shilingi 20. Kilula hicho kitaingiza zaidi ya shilingi 6,000 kwa siku, na kwa mwaka zaidi ya shilingi 2,200,000. Kijiji chenye vilula kumi vya namna hiyo kingekuwa na zaidi ya shilingi milioni 22 kwa mwaka. Kwa kaya ya watu sita, gharama hiyo ni kama shilingi 150 kwa siku.

Hesabu hii ni ya mfano, na hali halisi huipunguza. Masika yakianza, kaya nyingi hurudi kwenye madimbwi na mito iliyo karibu, kwa hiyo mapato hushuka kwa miezi kadhaa. Wengine huchota kwa ahadi ya kulipa baadaye. Bomba lililopasuka chini ya ardhi humwaga maji yaliyokwisha kupandishwa kwa gharama. Lakini hata nusu ya mapato hayo, ikikusanywa na kuandikwa kila siku, inaweza kumlipa mhudumu wa kilula, kumpa fundi wa kijiji posho ya kudumu, kununua koki na viungo vya mabomba, na kuweka akiba ya siku pampu itakapoungua. Kununua pikipiki bila kutenga fedha ya oili na matairi ni kununua chuma cha kuegesha uani. Mradi wa maji usio na akiba ya matengenezo hauna tofauti.

Aina ya teknolojia hubadili ukubwa wa hesabu, lakini haifuti hesabu yenyewe. Maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe kutoka chanzo kilicho mlimani, hayahitaji mafuta, ila yanahitaji kidakio kisafishwe na bomba lilindwe. Pampu ya sola hupunguza gharama za kila siku, lakini kifaa kinachoiongoza kikiungua, fedha inayotakiwa kwa mkupuo mmoja ni kubwa, na kijiji kilichozoea "jua ni la bure" hukutwa hakina akiba. Pampu ya mkono ni rahisi kuelewa, lakini mpira wa ndani na fito zake huchakaa, na mahali penye maji yenye asidi mabomba ya chuma hupata kutu, maji yakawa mekundu na yenye ladha mbaya hadi watu wakayakimbia.

Nani anawajibika kwa nini?

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ilianzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi Julai mwaka huohuo. Kabla ya hapo maji ya vijijini yalikuwa chini ya halmashauri, na mhandisi wa maji aliwajibika kwa mkurugenzi mwenye mambo mengine mengi mezani. Sheria hiyo pia iliweka chombo cha watumia maji ngazi ya jamii, ambacho wengi wanakifahamu kwa kifupi chake, CBWSO. Hiki ni chombo kilichosajiliwa kisheria, kinachoweza kuhudumia kijiji kimoja au vijiji kadhaa kwa pamoja, chenye akaunti yake ya benki. Tofauti yake na kamati za zamani ni kwamba kinatakiwa kuwa na watendaji wanaolipwa, hasa wa ufundi na wa hesabu, badala ya kutegemea moyo wa kujitolea.

Mgawanyo wa kazi unaomsaidia mwananchi ni huu:

- RUWASA hupanga na kujenga miradi, hutoa msaada wa kitaalamu, na husimamia vyombo vya watumia maji.
- CBWSO huendesha mradi kila siku, hukusanya malipo, hufanya matengenezo madogo, na hutoa taarifa kwa wananchi.
- Serikali ya kijiji hulinda chanzo kwa sheria ndogo na huitisha mikutano.
- Bodi za maji za mabonde, kwa Katavi zikiwa za Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika, hutoa vibali vya kutumia maji kutoka chanzo.
- Mwananchi hulipa, hutunza miundombinu, na hudai hesabu.

Kwa miaka mingi kipengele cha mwisho kimesomwa nusunusu. Mwananchi huhimizwa kulipa na haelezwi kwamba kudai hesabu ni wajibu uleule. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maji ya kijiji ni mali.

Pingamizi tatu zinazostahili kujibiwa

Pingamizi la kwanza lina uzito wa kimaadili: maji ni zawadi ya Mungu, na kumtoza maskini ni dhuluma. Jibu ni kwamba maji ya mtoni yamebaki bure. Kinacholipiwa ni kuyapandisha, kuyatibu na kuyaleta karibu. Na yule anayechota bure mtoni hulipa kwa njia nyingine. Mama na binti hutoa saa za kila siku ambazo zingekwenda shambani au darasani, na kaya hulipa zahanati mtoto anapoharisha. Hata hivyo pingamizi hili linadai marekebisho. Wazee wasio na msaada, wagonjwa na watu wenye ulemavu wasamehewe kwa uamuzi wa mkutano, majina yakijulikana, ili msamaha usigeuke mlango wa upendeleo. Na kwa kuwa mkulima wa mpunga, mahindi au tumbaku hupata fedha baada ya mavuno, kijiji kinaweza kuruhusu malipo ya msimu badala ya kudai kila siku katika miezi ambayo mfuko ni mtupu.

Pingamizi la pili ni la uzoefu: tulishachanga, wakala. Hili halijibiwi kwa kuwaomba watu waaminifu. Linajibiwa kwa utaratibu unaofanya wizi uonekane mapema: dira ya maji kwenye tenki na kwenye kila kilula, ili lita zilizotoka zilinganishwe na fedha zilizoingia, risiti, akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, na taarifa inayobandikwa ukutani. Mita za malipo ya kabla, ambazo hufungua maji baada ya mtu kuweka salio, hupunguza mikono inayogusa fedha. Nazo zina udhaifu wake: zikiharibika na fundi yuko mbali, maji hufungika kwa wote. Kwa hiyo zifungwe mahali ambapo huduma ya kuzitengeneza ipo tayari.

Pingamizi la tatu husikika sana mkoani: tusubiri maji ya Ziwa Tanganyika. Ndoto ya kuleta maji ya ziwa hilo hadi Mpanda ni halali, kwa mji unaokua na kwa vijiji vya njiani. Lakini tuiangalie kwa hesabu. Ziwa liko chini ya mji wa Mpanda kwa zaidi ya mita 300, na bomba litasafiri zaidi ya kilomita 100. Kupandisha lita 1,000 kwa mita 300 peke yake hudai zaidi ya uniti moja ya umeme katika pampu ya kawaida, kabla ya kuhesabu msuguano wa bomba refu. Mradi wa aina hiyo unahitaji nidhamu kubwa zaidi ya kukusanya mapato na kudhibiti upotevu kuliko kisima cha kijiji. Kijiji ambacho leo kinajifunza kutunza kilula chake kinajiandaa kwa maji ya ziwa. Kile kinachosubiri bila kujifunza kitapokea maji hayo na kuyapoteza.

*Kwa ufupi:* kulipia huduma si dhuluma iwapo wasiojiweza wanalindwa. Wizi huzuiwa kwa vipimo na uwazi. Na mradi mkubwa wa kesho hauondoi wajibu wa leo.

Maji maangavu yanaweza kuwa na ugonjwa

Hadi hapa tumezungumzia maji kufika. Lakini maji yanaweza kufika yakiwa na vimelea. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi ya Bara na Zanzibar na kuendelea kwa zaidi ya miaka miwili. Vimelea vyake havionekani kwa macho, na maji yanayong'aa kwenye glasi yanaweza kuvibeba. Uchafuzi hutokea katika hatua nne: kwenye chanzo, mathalani choo kikichimbwa karibu na kisima au mifugo ikinywea palepale watu wanapochota; kwenye bomba lililotoboka; kwenye dumu lisilosuguliwa ndani; na nyumbani, mtoto anapochovya kikombe kwa mkono usionawa. Ndiyo maana kijiji kinaweza kuwa na kisima salama na bado watoto wakaharisha.

Hatua za kukinga ni za kawaida na zinajulikana: choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko; mifugo ijengewe mbauti yake mbali na kisima cha watu; maji ya bomba yatiwe klorini na mabaki yake yapimwe hadi kwenye kilula cha mwisho; nyumbani maji yachemshwe au yatiwe dawa, yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na kuchotwa kwa kata yenye mpini. Hapa pia hoja yetu inasimama. Klorini hununuliwa kila mwezi. CBWSO isiyo na mapato haiwezi kuinunua.

Chanzo kikifa, hesabu zote hufutika

Mto Katuma unatoa onyo ambalo mkoa mzima unaliona. Katika miongo ya karibuni mtiririko wake umepungua sana kiangazi, hadi viboko wa Hifadhi ya Katavi hurundikana kwa mamia kwenye madimbwi ya matope. Sababu ziko juu ya mto: maji yanayokingwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga, misitu ya miombo inayofyekwa kwa mashamba, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku, na makundi makubwa ya mifugo yanayokanyaga kingo. Wakulima na wafugaji hao si maadui, wanatafuta riziki. Lakini kila anayechepusha maji bila kibali hujigawia kilicho cha wengi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na maziwa. Sheria hiyo huheshimiwa pale ambapo mfugaji amepewa lambo na mkulima amepewa zamu ya maji. Pale ambapo amepewa faini peke yake, hurudi usiku.

Mkoa huohuo unatoa pia ushahidi kwamba kutunza msitu kunaweza kulipa. Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vinavyolinda misitu ya milima ya Ntakata hupata mapato ya biashara ya hewa ukaa, yaani fedha zinazolipwa kwa kuiacha miti isimame na kuhifadhi kaboni. Wananchi huamua matumizi yake, na fedha hizo zimejenga madarasa na huduma za afya. Vijiji vyenye mapato ya namna hiyo vina nafasi ambayo vingine havina: kutenga sehemu yake iwe akiba ya kudumu ya matengenezo ya maji. Msitu unaolinda chanzo ungelipia pia bomba linalotoka kwenye chanzo hicho.

Paa la bati nalo lisisahauliwe. Paa la mita za mraba 50, kwa mvua ya milimita 900, linaweza kukusanya takriban lita 36,000 kwa mwaka baada ya kutoa hasara. Simtanki la lita 5,000 likijaa mwishoni mwa masika na kutumika kwa kunywa na kupika tu, lita 40 kwa siku, hutosha kaya kwa miezi minne. Haliwezi kuchukua nafasi ya mradi wa kijiji, lakini hupunguza mzigo wake katika miezi migumu kuliko yote.

Maswali ya kupeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila baada ya miezi mitatu. Msomaji anayetaka kuanza mahali fulani aanzie hapo, kwa maswali haya:

1. Tangu mkutano uliopita, kila kilula kilitoa maji kwa siku ngapi, na kilikaa kimya kwa siku ngapi?
2. Lita ngapi zilitoka kwenye tenki, na fedha kiasi gani ziliingia benki?
3. Akiba ya matengenezo ni shilingi ngapi leo, na pampu mpya inagharimu kiasi gani?
4. Fundi wetu ni nani, analipwa lini, na vipuri vyake viko wapi?
5. Maji yamepimwa lini, na majibu yalisemaje?
6. Nani analima au kunywesha mifugo ndani ya eneo la chanzo, na tumempa njia gani mbadala?
7. Katika uongozi wa chombo chetu, wanawake, ambao ndio wachotaji, wameshika nafasi gani za uamuzi?

Swali la kwanza ndilo la msingi. Kwa miaka mingi tumewapima viongozi wetu kwa idadi ya miradi waliyoizindua. Kipimo hicho kinamfanya kiongozi apende kisima kipya kuliko koki mpya kwenye kisima cha zamani, ingawa koki hiyo ingewarudishia maji watu wengi kwa gharama ndogo. Wananchi wakianza kuhesabu siku ambazo maji yalitoka, na kumpigia kura au kumnyima kura mtu kwa hesabu hiyo, fedha za mkoa zitaanza kufuata matengenezo. Mabadiliko hayo hayahitaji mfadhili wala sheria mpya. Yanahitaji daftari, mkutano, na watu walioamua kwamba mradi wao hautakufa mara ya pili kwa sababu ileile.